Kioo cha Saa ya Baba

Nina saa ishirini na tatu, na kila mgeni anayeingia nyumbani kwangu Nguvumali, hapa Tanga, lazima aniulize swali lile lile: "Kwani simu yako haina saa?" Jamani! Simu yangu inayo, tena inasema kweli. Mtu akifuga njiwa hakuna anayemuuliza kwani buchani nyama imekwisha. Lakini mwanamke mzima, mwalimu wa sayansi aliyestaafu, akikaa barazani na lenzi jichoni akifungua saa ya kutia ufunguo iliyotengenezwa kabla hajazaliwa, mtaa wote unapata la kusema. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Mume wangu ndiye kinara wao. "Ishirini na tatu," huwaambia wageni, "na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia wali umeiva." Kisha anacheka peke yake mpaka anakohoa. Hasira yake ni mchele. Saa zangu nazitunza kwenye makopo ya biskuti, na ndani ya kila kopo naweka mchele mkavu unyonye unyevu, maana hewa yetu hii ya chumvi inakula chuma usiku na mchana. Siku moja alikosea kopo akapika. Aliyeumia zaidi siku ile ni mimi, kwa sababu nilitumia adhuhuri nzima kutafuta skrubu ndogo kama chawa kwenye sufuria, naye amekaa pembeni ananiuliza kama naitaka na mchuzi.

Saa hizo nimezikusanya moja moja kwa miaka. Moja ilitoka kwa mjane wa Ushongo ambaye watoto wake waliigeuza gari la kuvuta kwa kamba. Mbili zilitoka kwa familia ya Kilutheri ambayo babu yao alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge. Zote zilifika kwangu zimekufa, na nyingi nimezifufua. Ninachokitaka ni kidogo tu: saa irudi ilivyozaliwa. Sitaki ing'ae, sitaki iwe mpya. Iwe yenyewe.

Nenda sasa kamweleze hayo fundi wa Ngamiani. "Mwalimu," aliniambia mara ya kwanza, kwa huruma kabisa, "hii mashine tuitupe, tuweke ya betri. Utasahau shida zote." Nikamwambia kitu nitakachosahau ni njia ya kuja kwake. Mwenzake wa jirani, nilipomwachia saa kwa nusu siku tu, aliusugua uso wake kwa dawa ya meno mpaka maandishi yakatoka yote, akanikabidhi kitu cheupe kama sahani huku anatabasamu. Nililia, na sioni haya kusema. Tangu siku hiyo nikajiapiza kwamba saa zangu nitazitengeneza kwa mikono yangu, kwa kuwa hakuna mtu Tanga nzima anayejua kuuliza kwanza kabla ya kugusa.

Nakuomba uyakumbuke hayo maneno yangu.

Saa niliyoitaka kuliko zote haikuwa koponi. Ilikuwa kijijini kwetu Tongoni, kwenye pindo la khanga ya mama yangu. Ni saa ya mfukoni, ya fedha, ina mnyororo na kifuniko kinachofunguka kwa kubonyeza. Baba yangu alikuwa mpiga kengele wa shamba la mkonge. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na alipokigonga kwa nyundo, watu waliingia kazini au walitoka. Alipostaafu wenye shamba walimpa ile saa aliyokuwa akiitazama miaka yote, akarudi nayo kwao.

Akiwa nyumbani akaifanyia jambo lililonikera tangu nikiwa msichana. Kila jioni, mwadhini akianza tu adhana ya magharibi, baba alivuta kile kichwa kidogo cha saa akazipeleka akrabu zote mbili juu kabisa, kwenye kumi na mbili, kama wazee wake walivyokuwa wakifanya. Siku imekwisha, nyingine imeanza. Kwa hiyo saa moja ya usiku akrabu ya baba ilikuwa kwenye moja, na si kwenye saba kama saa za watu wengine. Na kwa kuwa jua halitui dakika ile ile mwaka mzima, saa hiyo haikuwahi kupatana na nyingine yoyote duniani. "Baba," nilimwambia nikiwa nimeanza kufundisha, "saa ya kurekebishwa kila jioni si saa, ni mtoto wa kubembelezwa." Akasema, "Basi mtoto huyu walau hanijibu," akaendelea kuitia ufunguo.

Alipofariki, mama akaichukua saa pamoja na desturi yake. Akabaki peke yake kwenye nyumba ile ya Tongoni, na hapo ndipo mashaka yetu yalipoanza. Kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Dar es Salaam na hutulea wote kwa simu, alikata shauri nasi tukaitikia: mama atakaa kwake maadamu macho yake yanaona. Siku yatakapogoma, nyumba inafungwa, anahamia kwangu mjini. Mama aliambiwa. Hakugomba. Alisema tu kwamba kuzaliwa kazaliwa Tongoni, kuolewa kaolewa Tongoni, na mume wake kalala hapo nyuma ya msikiti, kwa hiyo tumwombee macho.

Kupima hayo macho nikaachiwa mimi. Nilikuwa nikienda kila Ijumaa, na kipimo nilikibuni mwenyewe, nikajiona mwerevu. "Mama, saa ngapi?" namuuliza ghafla, katikati ya maneno mengine. Mama anafungua pindo la khanga, anabonyeza kifuniko, anaupangusa uso wa saa kwa kidole gumba, ananitajia. "Saa tano kasoro dakika saba." Natazama simu yangu, naona ni hivyo hivyo, ukiondoa zile dakika za wazimu wa magharibi. Jioni namwambia kaka: "Macho mazima. Anasoma akrabu za saa ya mfukoni, wewe huzisomi bila miwani." Kaka anashusha pumzi, na mama anapata wiki nyingine ya kukaa nyumbani kwake.

Kilichoniua roho ni hali ya ile saa. Kioo hakikuwapo. Uso wake, ule uso mzuri mweupe, ulikuwa na matone ya rangi ya boti ya buluu, magumu kama nundu: mawili pale kwenye kumi na mbili, na moja moja kwenye tatu, sita na tisa. Akrabu zenyewe zilikuwa zimepindapinda, utadhani mtu kazichezea kwa vidole. Niliwashutumu wajukuu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakawa wananikimbia. "Nani kaifanya hivi saa ya baba?" Mama hajibu. "Nipe basi nikaitunze. Itaoza hapa."

"Saa ina kazi, mwanangu. Haiwezi kwenda kulala na mchele."

Miaka ikapita hivyo, mimi naomba, yeye ananinyima. Kisha Ijumaa moja mwanzoni mwa masika nikamkuta amekaa kitandani na saa kiganjani. Akaitoa mwenyewe. "Imeanza kulala," akasema. "Yatembea kidogo, yasimama. Iamshe." Nilikaribia kupiga vigelegele. Akanishika mkono kabla sijaitia mkobani. "Ndani tu, wanisikia? Safisha ndani. Nje usiiguse."

"Sawa, mama."

"Sema hutoigusa."

"Sitaigusa, mama, ala!"

Nilidhani ni ukaidi wa mjane. Nilidhani hataki iguswe kwa kuwa ni ya marehemu. Nikajisemea kwamba akiiona imepona, ataushukuru mkono wangu.

Ndani haikuwa na ugonjwa mkubwa. Mafuta yalikuwa yameganda na vumbi, na kamani, ule utepe wa chuma unaoisukuma, imechoka. Nilifungua kila gurudumu, nikaosha, nikapaka mafuta, nikatia kamani ya saa nyingine. Siku ya tatu ikaanza kupiga, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia nikilala kifuani kwa baba. Nilimwita mume wangu aje asikilize. Alikuja, akainama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuwa na mzaha wa kusema.

Ningeishia hapo. Ee Mola, ningeishia hapo! Lakini mkono wa mkusanyaji hautulii. Nilitazama yale matone ya rangi nikayaonea kinyaa. Nikayalainisha kwa tina ya kuyeyushia rangi, nikayakwangua kwa kijiti cha mbao, taratibu, mchana kutwa, mpaka uso ukabaki mweupe bila doa. Akrabu nikazinyoosha. Kioo nikakitafuta Ngamiani, nikakikosa, na mwishowe nikakitoa kwenye saa yangu mwenyewe, ile ya Walutheri, niliyoipenda kuliko zote. Kilienea kana kwamba kilikuwa chake. Kisha nikaipatanisha na simu yangu, sekunde kwa sekunde, ikaacha upuuzi wa kumi na mbili za magharibi.

Siku hizo saba mama alinipigia simu kila siku, yeye asiyependa simu. "Imekuwa tayari?" Bado, mama. "Haya. Saa ngapi huko?" Namtajia. Baada ya muda kidogo simu inalia tena: "Saa ngapi sasa?" Nikamwambia mume wangu kwamba mama ameanza upweke, na pengine kaka ana haki, tumlete mjini. Hata mara moja sikujiuliza kwa nini mtu mpweke anauliza saa tu.

Ijumaa nikakodi bodaboda mpaka Tongoni, saa imefungwa kwenye kitambaa cha hariri. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri na mvua inanyesha bila kukata. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

Nikaiweka kiganjani mwake, nikapiga magoti mbele yake nisikose kuuona uso wake akifurahi. Akaitegea sikio. Akatabasamu, tabasamu pana kweli. Akabonyeza kifuniko, na kidole gumba kikashuka juu ya uso wa saa kama kawaida yake.

Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Akakipeleka pembeni, akazunguka mviringo wote wa kioo, akarudi katikati, akabonyeza kana kwamba anatafuta mlango. Tabasamu likaondoka.

"Umetia nini hapa?"

"Kioo, mama! Na ile rangi nimeitoa yote. Imekuwa kama siku baba alipopewa."

Nikaudhika, wallahi. Siku saba za kazi, kioo cha saa yangu mwenyewe, na hata asante hakuna! Kwa hasira hiyo nikamuuliza lile swali langu la kila Ijumaa, nikitaka aisome, aone jinsi ilivyo safi. "Haya basi, saa ngapi?"

Akainua uso kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Akakaa hivyo. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Yakaribia saa tisa," akasema.

Ilikuwa saa nne na robo ya asubuhi.

Nilianza kucheka, nikaacha, kwa sababu nilikuwa namtazama machoni kwa karibu, naye alikuwa anatazama juu ya bega langu. Nikapeleka mkono wangu mbele ya uso wake. Haukumshtua. Nikaupeleka tena. Mtume wangu! Miaka yote hiyo nilikuwa nampima macho, na mwenye macho ya kupimwa ni mimi.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu baba yako yu hai." Alisema bila kutetemeka, saa bado kiganjani. "Naona mwanga na kivuli tu. Yeye ndiye alokitoa kioo. Akaomba rangi kwa wenye boti, akanitilia matone yale, mawili juu ili nisipotee. Akanifunza siku moja baada ya siku moja, mpaka nikaisoma kumshinda. Magharibi nikisikia adhana nazipeleka zote mbili juu, zilaliane, basi najua nimepatia."

"Na hukutuambia?"

"Mngenihamisha."

"Mama, unapika! Unawasha moto! Unakwenda chooni usiku peke yako!"

"Usiku na mchana kwangu kuna tofauti gani?" Akaendelea kuipapasa saa. "Adhana nazisikia, mwanangu. Lakini baina ya adhana na adhana mtu aishi vipi? Vidonge vyangu vya presha ni saa mbili na saa mbili. Mkate wangu wa kumimina ukipita nusu saa waungua. Nisipoijua saa, ni lazima niulize watu. Nikiuliza watu, watajua. Wakijua, watakupigia simu. Siku saba hizi vidonge nimevinywa kwa kukupigia wewe."

Nilikasirika. Sitaficha. Nilimkasirikia yeye kwa uongo wake, nikamkasirikia marehemu baba kwa kumsaidia kutudanganya, nikamkasirikia kaka na amri zake za simu. Nilizunguka sebuleni nikisema peke yangu kama mwehu. Na nilipowamaliza wote akabaki yule fundi wa dawa ya meno, nikaona kwamba yeye ana afadhali, kwa sababu hakuna aliyemshika mkono akamwambia nje usiiguse.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akanyoosha mkono na ile saa, si kwangu hasa, kushoto kwangu kidogo. "Ichukue. Kwangu haina kazi tena. Mwambie kaka yako nitafunga vitu vyangu."

Wala hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alianza kuukunja mkeka wake, akiupapasa ncha kwa ncha, uso wake umezeeka ghafla. Mimi nilibaki na ile saa safi mkononi, inapiga vizuri, inakosea nusu dakika tu kwa siku, na nikaichukia.

Nikakaa chini. Nikatoa kijembe mkobani, nikakipitisha chini ya ukingo wa kioo. Hakikutoka upesi, maana nilikuwa nimekikaza vizuri mno, kwa ufundi wangu wote. Kilipotoka, mama alisikia ule mlio mdogo, akaacha kukunja mkeka.

"Wafanya nini?"

"Nakitoa kioo, mama. Niache."

Mvua ilipopungua nikaenda pwani, kwa watu wanaokarabati boti, nikaomba rangi ya buluu kwenye kifuniko cha soda. Walinitazama kama mtaa wangu unavyonitazama. Nikarudi, nikatia matone kwa kijiti, mawili juu, moja moja kwengine. Mama akawa anapapasa kwa ncha ya kidole, ananielekeza kwa ukali kama mwanafunzi wake: nene zaidi, lisiguse akrabu, hapo pa tatu umekwenda mbali. Tukayaacha yakauke. Tukala. Nilimgombeza wakati wa kula, akanijibu, tukagombana sana, na mwishowe akakubali binti wa jirani aje asubuhi na jioni, na mimi nije siku tatu kwa wiki badala ya moja. Moto wa kuni aliukataa kuuacha. Mpaka leo sijui kama nilifanya jema. Kuna siku naamka nikiuona moto ule.

Magharibi ilitukuta barazani, mkekani, zana zangu na kile kioo kando yetu. Mwadhini alipoanza, mama akavuta kichwa cha saa, akazipeleka akrabu zote mbili juu, zikalaliana. Kazi yangu yote ya kuipatanisha sekunde kwa sekunde ikaishia hapo.

Tulikuwa tumemaliza kusali ndipo simu ya kaka ilipoingia. Huwa haachi. "Umempima mama?" aliuliza, hata salamu hakuna. "Juzi kanipigia na mimi ananiuliza saa. Nina wasiwasi. Niambie kweli, maana mwezi ujao naweza kuja na gari."

Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, amekaa wima, amekaza kiganja. Nikaiweka simu kwenye spika.

"Mama," nikasema kwa sauti, "saa ngapi?"

Kifuniko kikalia. Kidole gumba kikashuka, polepole, kwa sababu rangi ilikuwa bado inanata. Kikapita kwenye matone mawili, kikaikuta akrabu fupi imeng'ang'ania hapo hapo juu, kikaifuata ile ndefu upande wa kulia.

"Kumi na mbili na dakika kumi na tisa," akasema mama. "Na wewe huko Dar umeshasali?"

Kaka, anayeijua desturi ya saa ile, akacheka kwa aibu. "Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kasali."

Nikakata simu. Mama akafuta rangi ya buluu kidoleni kwa pindo la khanga, akapapasa mkekani mpaka akakipata kile kioo changu, akaninyooshea.

"Karudishe ulikokitoa," akasema, "kabla hakijamkata mtu."